Mgongo wa Upinde Wako

Sifa mwanangu,

Nimekaa gereji, kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu wa kuyumba, na karatasi nimeiweka juu ya mashine ya kufulia. Wewe uko Parramatta unaagana na wenzako wa kwaya. Umesema utarudi saa kumi na mbili, na kwa ninavyokujua itakuwa saa mbili, kwa hiyo nina muda. Kesho asubuhi ndege yako inaondoka kwenda Hobart.

Sitakuandikia habari za koti wala za soksi. Baridi utaikuta huko, mtajuana. Simu usipopiga wewe nitapiga mimi, na usipopokea nitapiga tena. Hayo ni ya mdomo, na nimeshayasema mpaka jana ukanifungia mlango wa chumba. Barua hii ni ya jambo moja ambalo mdomo umelishindwa. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa kwenye gari, tumesimama kwenye taa, nikafungua kinywa nikaishia kukuuliza kama nyumbani kuna vitunguu. Mara ya pili nilisimama mlangoni pako na nguo zako nilizozikunja, ukasema asante Mama, nikazikabidhi nikaondoka.

Isome kwa sauti, polepole. Kiswahili unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma, hasa hiki changu, nusu cha ziwani nusu cha kambini.

Jumapili iliyopita nilikuwa nasonga foufou, ugali wetu wa muhogo, na wewe unaongea na yule mama mwenye karakana ya samani huko Hobart. Simu uliiweka spika. Alikuuliza kama mikono yako imezoea mbao. Ulicheka kidogo, ukamwambia hapana, mikono yako mizito, wakati wa lokdauni ulijaribu kuchonga upinde, ukaukata mgongo, ukavunjika, afadhali akuweke ofisini upokee simu na maagizo ya wateja. Yule mama akasema ana nafasi moja tu ya mwanafunzi kwenye benchi la kuchongea, na bado hajampa mtu. Ufike kwanza, uione kazi, halafu Jumatatu umwambie mwenyewe: simu au benchi. Mimi nikaendelea kusonga foufou mpaka ikawa ngumu kama udongo wa kufinyangia. Ulikula hivyo hivyo, ukidhani nimekasirikia safari yako.

Sikukasirikia safari. Nitakuambia nilikasirikia nini, ila uniache nizunguke kidogo, maana mambo haya yalianza kabla hujazaliwa.

Babu yako, papa yangu, alikuwa fundi wa pinde kule milimani juu ya ziwa. Wawindaji walitoka vijiji vya mbali kumfuata. Alitumia mkole, miti myembamba isiyozidi kifundo cha mkono, kwa sababu miti minene ilikuwa mbali na mabega yake yalikuwa mabovu. Wengine walimcheka kwamba anachonga vijiti. Yeye aliwajibu kuwa mti mwembamba hauhitaji kupasuliwa, tayari una umbo lake, kazi ya fundi ni kutouharibu. Alisema upinde una tumbo na mgongo. Tumbo ni upande unaokutazama wewe unayevuta, na huo uchonge utakavyo. Mgongo unatazama mbele, na ndio unaobeba mvuto wote. Nyuzi zake ukizikata hata kwa unene wa ukucha, siku moja mti utapasuka pale pale.

Kwetu mwanamke haruki upinde. Ukiwa chini, hata kama bado ni gogo lenye gome, unauzunguka. Nikiwa na miaka kama kumi nilikuwa natoka mtoni na ndoo kichwani, nikapitiliza moja kwa moja juu ya mti alioulaza uani. Nilikuwa nimechoka, mama, na kuzunguka ni hatua sita. Papa hakunipiga. Aliniambia, “Ulivyopita ndivyo urudi.” Maana yake nirudi juu ya ule mti kinyumenyume, na ndoo yangu kichwani, ili nilichokiharibu kikae sawa. Nilirudi, nikajikwaa, maji yote yakamwagika, na uwanja mzima ukacheka isipokuwa yeye. Alingoja mpaka mguu wa pili uvuke, ndipo akaendelea na kazi.

Lakini mzee huyo huyo hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa hiyo ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, mimi ndiye niliyemkwangulia. Nilikaa na kipande cha chupa, nakwangua tumbo la upinde mpaka unga wake unajaa mapajani, na yeye ananielekeza kwa kidole wapi pagumu, wapi pamelegea. Nilikuwa hodari, wacha nijisifu, hakuna mwingine wa kunisifu. Siku moja akaja mwindaji, akaushika upinde niliokwangua wiki nzima, akaupinda, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akauliza ni mkono wa nani. Papa akasema, “Wa mtoto wa kaka yangu.” Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na chupa yangu mkononi. Mtoto wa kaka yake alikuwa hawezi kuchonga hata mwiko.

Na kuvuta sikuruhusiwa. Pinde zote zile zilizopita mapajani pangu, hakuna hata mmoja niliouvuta. Kisha vita vikaja, papa akabaki kule, sisi tukaangukia kambini Kigoma, ukazaliwa wewe, baba yako akafa kwa homa, na ulipotimiza miaka sita tukaletwa huku ng'ambo kama wakimbizi. Upinde nikausahau, au nilidhani nimeusahau.

Kilichonikumbusha ni mikono ya Les. Unamkumbuka, yule mzee wa Penrith ambaye dada yake nilikuwa namhudumia kwenye nyumba ya wazee. Mwaka ule wa kwanza wa korona wageni walikatazwa kuingia, kwa hiyo alikuja kusimama nje ya dirisha kumpungia dada yake, na mimi ndiye niliyesogeza kile kiti cha magurudumu mpaka kwenye kioo. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mitupu. Nilipomuuliza kwa ishara, alisema kwa sauti kubwa kutoka kule nje kwamba anang'oa ua wa miti ya miiba nyuma ya nyumba yake, miti ya kishetani, msumeno wenyewe unalia. Akainua kipande alichokuwa nacho mfukoni, na ndani kilikuwa cha njano kama bizari.

Nilikwenda Penrith siku yangu ya mapumziko. Les alisema mti unaitwa Osage, watu wa zamani walileta mbegu zake kutoka Amerika wapate ua wa kuzuia ng'ombe, na matunda yake ni kama machungwa yaliyokunjamana ambayo hata ndege hawayataki. Kwenye visiki vya zamani yalikuwa yamechipua mashina mapya, membamba, yamenyooka. Nilishika moja nikalipinda. Likarudi. Nikalipinda tena, nikasikia mikono yangu inaniambia kitu ambacho haikuniambia tangu utoto. Nikaomba mashina matano. Les akanikatia, akaniuliza ya nini, nikamwambia ya kutambazia maharage. Sikujua pa kuanzia kumweleza.

Hadithi ya treni unaijua, unapenda kuwahadithia wenzako kanisani: mama yako na barakoa, na mashina matano marefu yaliyofungwa kwa shuka la maua, behewa tupu, na yule mkaguzi aliyeuliza ni nini, nikasema fimbo za pazia. Aliangalia majani mawili yaliyochungulia kwenye shuka, akanitakia siku njema.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa kiburi. Kwetu mkole ulikauka juu ya moshi wa jiko. Huku moshi hakuna, nikaona hita ya ukutani ni jiko tosha, nikayaning'iniza mawili juu yake. Wiki ya pili tunakula sombe, majani ya muhogo, tukasikia mlio kama mtu amepiga kofi, ukaruka kutoka kitini. La kwanza lilikuwa limepasuka kutoka kichwani mpaka katikati, na la pili likafuata kesho yake. Les alipokuja tena dirishani nikakiri kwake kuwa yale ya maharage yalikuwa uongo. Alicheka sana, akaniambia mti ule nipake gundi ya mbao kwenye vichwa vyake na niuweke mahali pa baridi, niusahau. Nikayaweka matatu yaliyobaki hapa gereji. Nikayasahau kweli, karibu mwaka.

Wewe ndiye uliyeyakumbuka. Ilikuwa ile lokdauni ya pili, ile kali, sisi wa upande huu tumefungiwa kuliko wengine, helikopta inazunguka juu ya Smithfield kana kwamba tumeiba kitu. Masomo yako yalikuwa kwenye kompyuta, na kila siku ulikuwa unazidi kunyamaza. Nilirudi kutoka shifti nikakukuta umekaa hapa hapa kwenye kiti hiki, shina moja mapajani, unalimenya gome. Nilitaka kukuambia usiguse. Halafu nikaona unavyofanya.

Ulikuwa unatumia kijiko. Kile kijiko changu cha supu, kile kikubwa tulichokuja nacho kutoka kambini. Gome lilikuwa limekauka na kushikilia, na wewe ulikuwa unalikwangua kwa ukingo wa kijiko, kidogo kidogo, mpaka ule utando wa ndani unatoka, na ule mti mweupe wa juu, unaofunika njano, unabaki chini yake laini bila alama. Siku tatu ulifanya hivyo. Nikakugombeza kwamba umeumaliza ukingo wa kijiko changu. Ulinijibu kwa Kiingereza kwamba kisu kingekata nyuzi. Nani alikuambia? Mimi nilikuwa bado sijakufundisha lolote kuhusu mgongo. Ulijua mwenyewe, kwa kidole. Moyo wangu ulijaa furaha, na sikukuambia. Nilisema tu kijiko utanunua kingine.

Ndipo nikaanza kukufundisha. Tumbo tulilichonga kwa tupa na kipande cha kioo. Tuliutundika kwenye msumari wa nguzo hii, tukawa tunauvuta chini kwa kamba, na kuchora chaki kwenye nguzo kila siku tulipofika. Nilikueleza kama papa alivyonieleza, kwamba upinde unafundishwa. Leo unaupinda kiasi hiki, unaangalia mikono yake miwili, wa juu na wa chini, kama inainama sawa, unakwangua palipo pagumu, kesho unaongeza kidole kimoja. Wewe uliona pagumu kabla yangu. Nilikuwa nanyoosha kidole, nakuta kioo chako kimeshafika. Chaki ilifika mvuto wa kifuani. Ulisema wiki ijayo tutafika sikioni, na jioni ile ile ukanionyesha tangazo la mafunzo ya useremala, ukaniuliza ninaonaje. Nikasema tutaona. Mimi nilikuwa nataka usomee uuguzi, au angalau cheti cha kulea wazee, kazi ambayo hata dunia ikifungwa haifungwi.

Siku tatu baadaye ulikwenda kuchanjwa. Mimi nilikuwa nimetoka shifti ya usiku. Bibi mmoja alikuwa amefariki alfajiri, na mimi ndiye niliyemshikia simu ili watoto wake wamwone, na mwanawe mmoja akaniambia pole, dada. Sikuweza kulala. Nikaja hapa gereji, na upinde wako ulikuwa kwenye msumari, kamba imeshafungwa.

Niliushika kama wanavyoshika wanaume. Nikavuta mpaka kifuani, na loo, Sifa, ulikuja bila kulalamika, mikono yote miwili imeinama kama mtu mmoja. Miaka arobaini nilikuwa nauona utamu huo kwenye nyuso za wengine. Chaki niliiona. Nilijua upinde haujafundishwa zaidi ya pale. Nikauvuta mpaka sikioni.

Ulivunjika juu kidogo ya mshiko. Nilibaki na kipande mkononi, kingine kinaning'inia kwenye kamba. Kitu cha kwanza nilichofikiri, na ninaona haya kukuandikia, ni kwamba umevunjika kwa sababu mimi ni mwanamke. Ujinga wa miaka yote hiyo bado ulikuwa umekaa ndani yangu. Cha pili nilichofikiri ni kwamba utarudi muda wowote. Na kweli ukaingia, umeshika bega lako la chanjo, ukasimama pale penye ndoo.

Nikakuambia, “Ulikata mgongo. Kisu chako kilipita hapa.”

Nikakuambia nimeukuta umepasuka wenyewe msumarini. Uliangalia pale nilipokuonyesha kwa dole gumba langu, ambapo hapakuwa na kitu. Uliangalia kwa muda mrefu. Halafu ukasema samahani, Mama. Wewe ndiye uliyeomba samahani. Ukakusanya tupa na vioo, ukaviweka kwenye ndoo, ukafunika kwa kitambaa, na tangu siku ile hukushika mti tena.

Uongo wenyewe sikuupanga. Ulitoka tu, kama maji ya ndoo. Lakini ya baadaye ni yangu, kwa akili zangu zote. Niliona umelifuta lile tangazo. Niliona umejiandikisha cheti cha kulea wazee, na nilifurahi. Nilimwambia mchungaji kuwa Mungu amejibu. Kila mara ulipoangusha sahani ukasema mikono yako mizito, ningeweza kufungua kinywa, na sikufungua. Niliwahi kukaa nyuma ya mlango na kipande cha chupa, najua kabisa jinsi inavyouma mtu kukunyang'anya mkono wako mwenyewe. Najua, na bado nikakufanyia wewe. Papa angalau alimpa sifa mtoto wa kaka yake. Mimi sikumpa mtu.

Hata baada ya hayo umekwenda kutafuta karakana. Umemaliza cheti, na siku mipaka ilipofunguliwa ukaanza kuandika barua kwa watu wa mbao, uombe hata kupokea simu zao. Unataka ukae karibu na vumbi lake tu. Mtu wa namna hiyo hana mikono mizito, mama. Ana mama mwongo.

Sijui utanisamehe lini, na sikuombi ufanye haraka. Ukifika huko ukakaa wiki mbili bila kupiga simu nitajua ni kwa nini, na nitakuwa nimestahili. Ninachoogopa ni Jumatatu tu. Naogopa utamjibu yule mama kabla hujafungua begi lako.

Kwa hiyo nakuambia kilichomo. Chini ya sweta, ndani ya kitenge cha bluu, kuna vipande viwili. Nilikuambia nimevitupa siku ya kutoa takataka kubwa. Vilikuwa nyuma ya kabati langu muda wote huu. Na pembeni, kwenye lile bomba la plastiki uliloniuliza la nini, kuna shina la Osage. Yalibaki mawili, moja limejikunja halifai, hili limenyooka. Vichwa vyake vina gundi, gome liko vilevile, limekauka vizuri. Sijaligusa kwa kisu wala kwa kioo. Uwanja wa ndege wakikuuliza, sema fimbo ya pazia.

Kabla sijaanza kuandika nilivilaza vile vipande viwili sakafuni, hapa penye chaki yako, nikavivuka kinyumenyume. Goti langu unalijua, nilishikilia mashine nisianguke. Papa hakusema kama inafaa kwa mtu aliyeruka kwa mdomo. Nimeona nifanye mwili kwanza, halafu maneno yafuate, na maneno ndiyo haya.

Sasa fungua kitenge. Kitoe kipande kirefu, kigeuze, pitisha kidole kwenye mgongo kuanzia nchani mpaka pale palipovunjika. Fanya polepole, kama ulivyokuwa unafanya. Utafute alama ya kisu. Ukimaliza, angalia kwenye kona ya kitenge, nimefunga fundo, ndani yake kuna kijiko.

Kisu gani, Sifa? Mgongo ule haukuwahi kuonana na kisu. Ulitumia kijiko siku tatu, mimi mwenyewe nikakugombeza, na bado niliposema kisu ukaniamini mimi kuliko mkono wako. Jumatatu yule mama akikuuliza, usimjibu kwa maneno yangu.

Ni mimi, ninayeitwa mtaani kwa jina lako,
Mama Sifa